Mzee amepewa nafasi kwenye majaribio ya dawa za mayeloma: jibu kwa aliyeuliza

Dada, umesema saratani ya damu ya mzee (mayeloma) imerudi, huku Marekani wanamtaka kwenye utafiti wa kuchanganya dawa, na unaogopa atapangiwa vidonge visivyo na dawa. Nimemuuguza kaka yangu hapa Minnesota kwenye utafiti wa aina hiyo.

Hofu hiyo kwanza. Ugonjwa ukisharudi, kundi la kulinganishia kwa kawaida hupewa tiba iliyopo. Chukua utafiti mmoja wa mayeloma iliyorudi, uitwao POLLUX, matokeo yalitoka 2016. Wagonjwa 569: wengine walipewa tiba iliyokuwepo ya dawa mbili, lenalidomidi na deksamethasoni (steroidi), wengine hizo mbili pamoja na dawa ya tatu, daratumumabu. Kila mtu alijua anapewa nini. Baada ya mwaka, asilimia 83 ya waliotumia dawa tatu walikuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele; wa dawa mbili, 60. Daratumumabu hushika protini ya CD38 iliyojaa juu ya seli za mayeloma na kuziitia kinga ya mwili, na lenalidomidi nayo huichangamsha kinga hiyohiyo. Ndiyo faida ya kuzichanganya.

Mzee akipangiwa daratumumabu kwa dripu, ya kwanza ni ndefu, mtamaliza siku hospitalini. Kaka alianza kukohoa na kutetemeka, nesi akaifunga, akampa dawa, halafu wakaendelea polepole. Zilizofuata hazikumsumbua. Deksamethasoni ndiyo iliyotutesa nyumbani: saa nane za usiku yuko macho anapanga makabati, na hasira juu. Waambie wa nyumbani mapema kuwa ni dawa, wasigombane naye.

Kuna jambo nakusihi usilipuuze. Daratumumabu hushika pia chembe nyekundu na kuvuruga vipimo vya kulinganisha damu kabla ya mtu kuongezewa. Apimwe damu kabla ya dozi ya kwanza, apewe kadi yenye majibu hayo na jina la dawa, na atembee nayo. Kaka alipelekwa hospitali nyingine kwa dharura bila kadi, damu ikachelewa sana.

Mayeloma inawapata watu weusi wa Marekani karibu mara mbili ya weupe, lakini kwenye tafiti hizi weusi ni wachache mno. Kwa hiyo mimi ningependa mzee aingie, ila asisaini siku hiyohiyo. Fomu ya ridhaa aende nayo nyumbani, aipitie na daktari wake wa siku zote, aulize kundi la pili linapewa nini, na vipimo vya ziada analipa nani. Hata akishasaini, ana haki ya kujitoa siku yoyote.