Betri Haikuwa na Kosa

Juzi msomaji mmoja mwenye umeme wa jua kaniandikia: "Kaka, jua linawaka kutwa, kontrola inaonyesha betri imejaa, lakini ikifika saa tatu usiku taa zinazima. Ninunue betri nyingine?" Kontrola ni kile kisanduku kinachosimamia chaji kati ya paneli, betri na taa.

Nilicheka, kisha kicheko kikakata. Swali hilo niliwahi kuuliza mimi, nikajibiwa na fundi ambaye hata mita ya kupima volti hakuja nayo. Aliigusa betri, akatikisa kichwa, akasema imekufa. Nikanunua mpya. Wiki haikuisha, giza likarudi. Simu zangu hakupokea tena, na sitaficha, bado inaniuma.

Nikanunua mita. Paneli bila mzigo, yaani bila kuunganishwa na kitu, ilitoa volti 21, sawa kabisa kwa mfumo wa volti 12. Fyuzi nzima. Nikafungua waya na kuupima, mita ikalia pii. Kila kitu kizima, na taa bado zinazima! Nilihangaika siku kadhaa, nisikuchoshe.

Jibu nililipata mchana mmoja, chaji ikiwa inaingia. Kwenye skrubu za kontrola nikasoma volti 14.4. Kwenye vichwa vya betri, 13.0. Waya ni uleule! Nikaweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya kontrola, nyingine kwenye chanya ya betri: 1.3. Upande wa hasi: 0.1 tu. Nikasogeza ncha kidogo kidogo hadi kwenye kishikio cha fyuzi. Kilikuwa cha moto, plastiki imeanza kuyeyuka, ndani kutu ya kijani.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kontrola ilikuwa ikiona volti zake yenyewe, ikadhani betri imeshiba, ikapunguza chaji. Usiku kishikio kilekile kilikula volti kuelekea kwenye taa, kontrola ikadhani betri imeisha, ikakata. Betri ilikuwa na njaa, na lawama ikawa yake. Kishikio kipya pamoja na kusugua ncha za waya kulimaliza kesi, kazi ya nusu saa, na niliifanya mwenyewe.

Kwa hiyo ndugu yangu, pima umeme ukiwa unatembea, yaani wakati umeme wenyewe unapita kwenye waya. Kiungo kibovu kikipimwa bila mzigo kinajifanya kizima, kwa sababu mita huvuta umeme kidogo mno. Washa taa zote, au subiri jua kali, ndipo upime ncha mbili za waya uleule. Karibu na sifuri ni salama. Ikikaribia nusu volti, usiende dukani, tafuta kiungo. Narudia: pima umeme ukiwa unatembea. Na hii tabia ya kusokota waya na kuzungushia tepu tuiache, tunajidanganya wenyewe.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, toa paneli kwanza kwenye kontrola, kisha betri. Kurudisha, betri inatangulia. Bisibisi isiguse vichwa viwili vya betri kwa pamoja, shoti yake inayeyusha chuma.

Jana msomaji wangu kaandika tena. Volti 0.9, upande wa hasi, skrubu ya kontrola ilikuwa imelegea. Betri yake inaendelea na kazi. Ile yangu ya kwanza niliiuza kama chuma chakavu.