Kabla ya sola, tazameni paa

Mwalimu, umeuliza bodi inunue nini kwanza, viyoyozi au sola, kwa madarasa ya shule yenu ya Kisauni, Mombasa, yanayochemka kuanzia saa tano. Mimi ningeanza na paa. Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, adhuhuri jua huwa karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo mabati ndiyo yanayopokea joto jingi kuliko kuta. Yapakeni rangi nyeupe ya kuakisi jua (na muyaoshe, maana kuvu ya pwani huichafua upesi), kisha wekeni dari, na juu yake muache matundu ya hewa moto kutokea. Darasa la mabati lisilo na dari ni tanuri, hata mkilitia kiyoyozi.

Madirisha pia. Kaskazi na kusi, pepo za msimu, zinapita bure, lakini utakuta upande mmoja umezibwa kwa kabati la vitabu! Ukuta wa magharibi upeni kivuli: baraza, au mwarobaini kama mna subira.

Feni ya dari hula wati 70 hivi, kiyoyozi kidogo hufika 1,000, kwa hiyo chagueni feni. Taa badilisheni tu muweke za LED, zinazokula umeme kidogo, hilo halihitaji kikao.

Sola ije mwisho. Matumizi yakishashuka mtahitaji paneli chache, na hamtalazimika kuzing'oa baadaye ili kubadilisha mabati yaliyooza. Fundi asiwafungie paneli kwa misumari ya kawaida. Daini skrubu za chuma kisichoshika kutu, chumvi ya bahari haichelewi.