Usiku wa 16 Septemba una mwenyewe

Wahariri, salaam.

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: ukipewa nafasi ya kurudi nyuma uhudhurie onyesho moja tu la bendi ya roki, ungechagua tarehe ipi? Ningelipita kimya, maana roki si muziki niliolelewa nao. Lakini mlitoa mfano wa Grateful Dead ya California, ambao mashabiki wao huchukua tarehe moja ya kalenda na kuyapanga maonyesho yote ya siku hiyo, mwaka hadi mwaka. Kisha mkaandika kwamba 16 Septemba yao ya 1978, kule Giza nchini Misri, ilikuwa "shoo mbovu mahali pazuri". Hapo mmenigusa.

Yaliyo kweli nayakubali. Bendi ile ilipiga maonyesho zaidi ya 2,300 kati ya 1965 na 1995, na 16 Septemba imewakuta mahali pengi. 1972 walikuwa Boston Music Hall. 1987, 1990, 1991 na 1993 walikuwa Madison Square Garden, New York. Ile ya 1990 ina uzito wake, kwa sababu mpiga kinanda wao Brent Mydland alikuwa amefariki Julai, na bendi ikawa inajaribu kusimama tena na Vince Welnick na Bruce Hornsby. Ukiweka sikio tu, Giza haifui dafu mbele ya hizo. Piano haikuwa imewekwa sauti sawasawa. Mpiga ngoma Bill Kreutzmann alikuwa amevunjika mkono, akapiga kwa mkono mmoja. Mafundi wao walivuta nyaya hadi ndani ya Piramidi Kuu, wakitaka chumba cha Mfalme kiwarudishie mwangwi, na jambo hilo halikufaulu. Waliposikiliza kanda wenyewe hawakuridhika, wakaziweka kabatini. Rekodi ilitoka 2008, miaka 30 baadaye.

Lakini hakuna aliyewaita Misri. Walijigharimia wenyewe, wakapiga siku tatu, tarehe 14, 15 na 16, katika uwanja wa wazi chini ya Sphinx, na mapato wakayaacha hukohuko kwa idara ya mambo ya kale na kwa shughuli za hisani. Na jukwaa wakamwachia mwenyeji, Hamza El Din.

Huyu Hamza ndiye ambaye hamkumtaja hata kwa neno moja. Alizaliwa 1929 Toshka, kijiji cha Wanubi kusini mwa Misri. Alisomea uhandisi, akafanya kazi katika shirika la reli jijini Cairo. Alipojua kwamba bwawa kubwa la Aswan litazamisha nchi ya kwao, alirudi na udi wake, ile ala ya nyuzi, akawa anapita kijiji hadi kijiji akiwaeleza watu kinachokuja na kukusanya nyimbo zao. Maji yalikuja. Miaka ya 1963 na 1964 Wanubi wa Misri wapatao 50,000 walihamishiwa Kom Ombo, na Toshka ya zamani ikabaki chini ya ziwa. Sisi watu wa pwani, ambao mila zetu zinasema Sultan Barghash alimtuma Mohamed bin Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi ya taarab, tungepaswa kumfahamu mtu kama huyu kabla ya kuambiwa na Wamarekani.

Usiku ule Hamza alianza na tari mkononi na waimbaji wa Kinubi nyuma yake, wakipiga makofi. Wimbo ni Ollin Arageed. Kwa dakika kadhaa hakuna gitaa lolote linalosikika. Ni makofi yanayojibizana, kundi moja likijaza pengo la jingine, na tari ikipita katikati yao. Kisha wale wa bendi wanaingia mmoja mmoja, kwa adabu kabisa. Gitaa la Jerry Garcia linakuja dogo, likishika mdundo wa wenyeji, mpaka unajikuta uko ndani ya wimbo wao na hukuona mpaka ulikuwa wapi. Yeyote aliyewahi kukaa katika ngoma ya harusi huku kwetu atajua kwamba ile ni adabu ya mgeni: unaanza kwa kuitikia.

Na mwezi ukapatwa. Hili mliliandika kama pambo, "hata mwezi ulipatwa", mkapita. Mimi siwezi kupita, kwa sababu mwezi ule niliuona. Nilikuwa mtoto, Tanga, nyumbani kwa bibi mzaa mama. Ilikuwa Jumamosi, katikati ya Mfunguo Mosi, nguo za Iddi bado mpya. Tulikuwa barazani tunacheza, mbalamwezi kali, ndipo mmoja wetu akaona ukingo mmoja umeliwa. Tukadhani ni wingu. Bibi akatoka, akatazama, akarudi ndani bila kusema neno, akatoka na sinia la shaba na mwiko.

"Pigeni," akasema.

Tukapiga. Sufuria, mifuniko, makopo ya maziwa yaliyotiwa kokoto. Nyumba ya pili wakaitikia, ya tatu nao, mpaka mtaa mzima ukawa unalia kwa bati. Kiasi cha saa nne usiku mwezi ulikuwa wote umegeuka rangi ya kutu, na ukakaa hivyo zaidi ya saa nzima. Msikitini wakanadi "As-salatu jaamia" kwa ajili ya sala ya kupatwa kwa mwezi. Mzee mmoja jirani akaja kutugombeza kwamba Mtume alitufunza sala, si kelele. Bibi akamjibu, "Sheikh, wewe sali, na wanangu wapige, sote tunamwomba Mmoja." Yule mzee akaenda zake msikitini, naye bibi akajitanda kanga akamfuata, akatuachia sinia. Mwezi uliofuata majeshi ya Amin yaliingia Kagera, na kwa miaka mingi wazee wa mtaa ule waliunganisha mambo hayo mawili. Mimi siyaunganishi, ila nafahamu kwa nini wao waliyaunganisha.

Waliokuwa Giza husimulia kwamba watoto wa mitaani huko nao walitoka usiku uleule wakitikisa makopo, ili mwezi uachiwe. Niliposoma hivyo, ukubwani tena, nilikaa na lile gazeti mapajani muda mrefu. Yaani tulikuwa tukipiga pamoja, sisi na wao na Hamza na makofi yake, chini ya mwezi mmoja, na bendi ya Marekani ikiwa imepata bahati ya kualikwa ndani.

Nilipoanza kuandika nilidhamiria kuitetea Giza kuwa ndiyo tarehe kuu ya Grateful Dead. Sasa nikisoma niliyoyaandika naona karibu kila ninachokipenda pale si chao. Makofi ni ya Wanubi. Wimbo ni wa Hamza. Cha kwao ni ile adabu ya kuingia polepole, na adabu ni jambo kubwa, sitaki ionekane nalidharau, kwani bendi nyingi zingetumia piramidi kama pazia la kupigia picha na kuondoka. Lakini nyinyi mmeuliza onyesho la bendi ya roki.

Basi kwa swali hilo, kura yangu iende 16 Septemba ya 1972, Boston. Kreutzmann alikuwa peke yake kwenye ngoma, mikono yote miwili mizima, na bendi ilikuwa nyepesi, inasikilizana. Naiweka kwa masharti. Kwanza, anayependa 1990 simkatalii, labda kwa sababu mimi si mtu wa kinanda. Pili, sikubali neno lenu "mbovu", hata baada ya kuipigia kura nyingine.

Na tatu, mtakapochapisha orodha ya wasomaji, naomba 16 Septemba 1978 msiiweke chini ya Grateful Dead. Iandikeni: Hamza El Din wa Toshka, Giza. Bendi iwekwe chini yake, kama wageni waalikwa.