Kuchuja opsheni kwa wingi wa biashara

Ndugu, umeuliza kama inatosha kuchuja opsheni za hisa za Marekani, yaani mikataba inayokupa haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa, ili kupata zile zinazouzika kwa urahisi, kwa kuangalia idadi ya mikataba iliyobadilishana mikono siku hiyo. Haitoshi, ingawa ni mahali pazuri pa kuanzia. Idadi hiyo huanza upya kutoka sifuri kila siku ya soko, na mwekezaji mmoja mkubwa anaweza kuipandisha kwa oda moja tu, kisha mkataba ule ule ukakaa siku kadhaa bila mtu kuugusa. Kwa sababu hiyo mimi hutumia wastani wa siku 20, halafu huulinganisha na idadi ya mikataba ambayo bado haijafungwa.

Kipimo ninachokiamini zaidi, hata hivyo, ni pengo kati ya bei anayotoa mnunuzi na bei anayotaka muuzaji. Mkataba wa kawaida hubeba hisa 100, kwa hiyo pengo la dola 0.30 litakugharimu dola 30 ukinunua na kuuza papo hapo. Kwa opsheni yenye bei ya dola 1 kwa kila hisa, hiyo ni hasara nzito kabla hisa yenyewe haijasogea.

Tena usichuje kwa jina la kampuni pekee, kwani hisa inaweza kuwa na biashara kubwa huku opsheni zake zikichangamka tu kwenye bei za utekelezaji (bei zilizopangwa kwenye mkataba za kununua au kuuza hisa) zilizo karibu na bei ya sasa ya hisa. Chunguza mkataba wenyewe, na daima weka oda yenye kikomo cha bei.