Kingamwili tele, kinga haba

Dada, umeuliza inakuwaje mzee wako mwenye saratani ya mayeloma awe na kingamwili, yaani protini za kunasa vijidudu, tele katika damu na bado nimonia imrudie. Kingamwili hizo hutoka katika ukoo mmoja wa seli za plazma, yaani seli zinazotengeneza kingamwili, uliogeuka saratani, kwa hiyo ncha mbili za kunasia za kila moja, zinazoundwa na minyororo miwili ya protini, mzito na mwepesi, kwa pamoja, zina umbo lilelile, na mara nyingi haijulikani hunasa nini, huku kingamwili za kawaida, zile za kupambana na vijidudu mbalimbali, zikipungua. Minyororo myepesi inayozidi huchujwa hadi kwenye mkojo na huweza kuumiza figo. Kijiti cha kupimia mkojo hukamata zaidi albumini, protini ya kawaida ya damu, na huweza kuikosa minyororo hiyo, basi mwulizeni daktari kuhusu kipimo cha minyororo myepesi huru katika damu. Homa ikimpanda usiku, tafadhali msingoje kupambazuke.