Kosa ukurasa wa mbele, radhi ukurasa wa 11

Nilipokuwa mwandishi wa mkoani, nikilipwa kwa kila habari inayotoka, niliandika kwamba mwalimu mkuu fulani amekula fedha za uji wa wanafunzi. Wazazi watatu waliniapia. Yeye nilimpigia mara moja, hakupokea, nikaweka ile sentensi yetu maarufu: "Jitihada za kumpata hazikuzaa matunda." Jitihada gani? Simu moja saa kumi na moja jioni, mhariri akinihimiza.

Wiki mbili baadaye ukaguzi ukaonyesha fedha zenyewe hazikuwahi kufika shuleni. Tuliomba radhi, ndiyo: mistari minne, ukurasa wa 11, chini ya tangazo la viwanja. Nikaja kukutana naye stendi. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ile ya pili nani aliisoma?"

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi hii, kosa la ukurasa wa mbele lisahihishe ukurasa wa mbele. La mtandaoni usilifute kimyakimya; andika juu kabisa ulikosea nini. Mtuhumiwa mtumie maswali kwa maandishi, umpe muda, hata habari ikilala siku moja. Mhariri atafoka. Atapoa.

Wapo watakaosema naipa serikali fimbo. Hapana, fimbo wanayo tayari. Gazeti la MwanaHALISI lilifungiwa na serikali miezi 24 mwaka 2017, leseni ikarudi Februari 2022. Piga hesabu mwenyewe. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, pale Arusha, ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Gazeti likifungwa anaumia msomaji, anaumia muuza magazeti, na aliyechafuliwa jina harudishiwi kitu.

Baraza la Habari Tanzania, ambalo wanahabari wenyewe waliazimia kuliunda mwaka 1995, halifungi mtu. Linawakalisha mlalamikaji na mhariri, wazungumze. Wakishindwana, shauri linakwenda Kamati ya Maadili. Tatizo letu ni kwamba tunalisifia semina, halafu barua yake ikifika ofisini inakaa droo ya chini.

Nilimuuliza yule mwalimu kwa nini hakulalamika huko. Hakujua kama lipo. Tangu siku hiyo, kila ninayemhoji kuhusu tuhuma namwelekeza pa kunishitaki kabla sijafunga daftari. Wenzangu wananiona nimechanganyikiwa.