Kabla ya makala ya kwanza: kwa wanaoanza utafiti wa saratani Dar es Salaam

Anza na jina. Tuseme unaitwa Asha Juma Salum. Makala ya kwanza msimamizi anakuandika A. Juma, ya pili unajiandika Asha Salum, ya tatu jarida linakutoa kama Salum AJ. Kwenye kanzidata kama Scopus hao huweza kuhesabiwa watafiti watatu, kila mmoja na kazi moja. Chagua umbo moja kabla hujatuma chochote, na usilibadilishe hata ukiolewa. Siku hiyohiyo jisajili ORCID, daftari la kimataifa la kuwatambulisha watafiti. Ni bure, na utapewa namba ya tarakimu 16 itakayokufuata popote utakapohamia. Weka barua pepe yako binafsi pamoja na ya chuo, maana ya chuo ikifungwa baada ya mahafali utashindwa kuingia.

Jina la taasisi nalo hutawanyika vivyo hivyo. Chuo cha afya cha Muhimbili kiliwahi kuwa MUCHS, na ni MUHAS tangu 2007. Wengine huandika "Muhimbili" tu, ambayo inaweza kuwa hospitali au chuo. Andika kirefu kile kile kila mara. Ukifanya kazi Taasisi ya Saratani Ocean Road huku ukisoma MUHAS, taja zote mbili, kila moja kwa namba yake.

Sasa hesabu. Kipimo cha h, kilichopendekezwa na Jorge Hirsch mwaka 2005, kinatafuta idadi ya makala zako ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara hiyo hiyo. Makala sita zilizonukuliwa mara 40, 12, 6, 4, 2 na 0 zinakupa h ya 4. Ile ya 40 ikifika 400, h inabaki 4. Google Scholar huhesabu hata tasnifu na ripoti, ilhali Scopus na Web of Science huhesabu kutoka kwenye machapisho waliyoyachagua, kwa hiyo namba zako hazitalingana. Kwenye wasifu andika chanzo na tarehe. Bila hivyo, anayesoma hawezi kuihakiki namba hiyo.

Kipimo cha jarida (impact factor) ni kitu kingine kabisa. Makala 100 za miaka miwili iliyopita zikinukuliwa mara 300 mwaka huu, jarida linapata 3. Huo ni wastani, na wastani hupotoshwa na makala chache. CA: A Cancer Journal for Clinicians lilipita 500 kwa mwaka 2020, kwa sehemu kubwa kwa sababu huchapisha takwimu za saratani ambazo karibu kila mtafiti hulazimika kuzitaja. Usimpime mwenzako kwa namba ya jarida.

Kinachofanya makala inukuliwe ni kwamba mwingine anaweza kuitumia, na hapa ndipo kazi nyingi za kutoka kwenye majalada ya wagonjwa huanguka. Chukua saratani ya mlango wa kizazi. Mfumo wa kupanga hatua zake wa FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi, ulibadilishwa 2018: mgonjwa mwenye saratani kwenye tezi za limfu za nyonga sasa ni IIIC, hata kama uvimbe wenyewe ni mdogo. Ukiandika "hatua ya III" bila kusema ni toleo gani, anayekusanya tafiti za nchi mbalimbali hawezi kuichanganya kazi yako na nyingine, basi anaiacha. Sema pia ni majalada mangapi yalikosa hatua ya ugonjwa, na wagonjwa wangapi walirudi mikoani wasionekane tena. Ukiwahesabu kama walio hai, makadirio yako ya kuishi yatakuwa ya uongo, na mhakiki makini ataligundua. Kichwa cha makala kitaje ugonjwa, kundi na mahali. Usiseme "Tanzania" kama wagonjwa wote ni wa hospitali moja.

Maelezo safi ya daktari kuhusu wagonjwa aliowaona yana nguvu. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya za watoto wa Uganda mwaka 1958 kwenye jarida la upasuaji. Maelezo hayo yalimwelekeza mtafiti Anthony Epstein kutafuta kirusi ndani ya uvimbe huo, na kirusi hicho, kinachoitwa leo Epstein-Barr, kilitangazwa 1964.

Kuhusu ada ya kuchapisha: majarida mengi ya wazi, yaani yanayosomwa bure, hupunguza au kufuta ada kwa waandishi wa nchi kama yetu, ila ombi hupelekwa wakati wa kutuma makala. Ukisubiri hadi ikubaliwe, mengi yatakukatalia. Jarida linalokuandikia lenyewe na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu, liache. Makala ikishatoka huko, hakuna jarida zuri litakaloipokea tena. Soma pia masharti ya cheti chako cha kibali cha utafiti cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, likiwemo la kuomba ruhusa ya kuchapisha.

Majina ya waandishi yapangwe wakati wa pendekezo la utafiti, kwa maandishi. Kanuni ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, inataka mambo manne kwa pamoja: mchango halisi kwenye kazi, kuandika au kuihariri kwa kina, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika. Mkuu wa idara aliyetoa ruhusa ya kuingia wodini anastahili kushukuriwa mwishoni mwa makala. Ni vigumu kumwambia Profesa hivyo ana kwa ana, kwa hiyo mpelekee rasimu mapema pamoja na kanuni yenyewe, umwombe achangie sehemu ya mjadala. Akichangia, akasoma na kuidhinisha, jina lake litakaa kwa haki.